KANU haikufa mwaka 2002

Kila mwaka huwaandikia wanafunzi wangu wa siasa za vyama tarakimu tatu ubaoni: 36, 40, 31. Hizo ni asilimia za kura za urais ambazo KANU, chama kilichotawala Kenya tangu uhuru, ilipata mwaka 1992, 1997 na 2002. Nawauliza ni wapi chama kilipoporomoka. Wengi husema hakikuporomoka popote, kilipanda kidogo kisha kikashuka kidogo. Hapo ndipo huwaambia kwamba kwa 36 Rais Moi alibaki Ikulu, na kwa 31 Uhuru Kenyatta akaachwa mbali sana na Mwai Kibaki.

Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili. Mwaka 1992 wapinzani waligawana kura: Matiba kivyake, Kibaki kivyake, Jaramogi kivyake. Miaka kumi baadaye Raila Odinga, ambaye miezi michache kabla alikuwa katibu mkuu wa KANU, akasimama Uhuru Park akasema "Kibaki tosha", na NARC, muungano wa wapinzani, ikazoa asilimia 62. KANU ilibaki na thuluthi yake ileile, au karibu yake. Ilikuwa imezoea kutawala bila kupendwa na walio wengi, na siku walio wengi walipokubaliana, mchezo ukaisha.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila baada ya uchaguzi naulizwa swali lilelile kuhusu chama kilichopigwa: hiki ndiyo basi, au kitarudi? Na anayeuliza huwa tayari ameshika matokeo ya juzi kama ushahidi. Kwa maoni yangu matokeo ya siku ile yanasema machache mno. KANU ilitoka 2002 ikiwa na wabunge 64 wa kuchaguliwa kati ya 210, ngome ya kueleweka Bonde la Ufa na Kaskazini Mashariki, na nafasi ya upinzani rasmi bungeni. Vyama vingi vya Afrika vingeomba kushindwa namna hiyo. Mwaka 2013 ilikuwa na viti sita. Iliyoiua ni miaka ile kumi ya katikati, na ukiifuata mwaka kwa mwaka unaona jinsi chama kinavyokufa hasa.

Kwanza, KANU haikuwa imewahi kuishi nje ya serikali. Ofisi zake kuu zilikuwa ndani ya KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na serikali mpya ikalitwaa jengo hilo mwaka 2003. Chifu na mkuu wa wilaya walikuwa wakifanya kazi ya chama bila kuulizwa. Enzi za chama kimoja vijana wa KANU walikuwa wakidai kadi ya uanachama stendi na mlangoni mwa soko. Asiye nayo harudi na mboga. Chama cha namna hiyo hakijui kutafuta mwanachama, kinajua kumkagua. Kilipoondolewa chifu, kadi na jengo, kikabaki na wabunge wake tu.

Na wabunge wana miguu. Mwaka 2004 Kibaki akawaingiza baadhi yao, Njenga Karume akiwa mmojawapo, kwenye baraza la mawaziri, chama kikiwa bado kinajiita upinzani. Mwaka 2005 KANU ilijiunga na kambi ya chungwa, alama ya kura ya "hapana", kuipinga rasimu ya katiba, na kambi hiyo ikashinda. Ungedhani huo ni uhai. Lakini angalia ushindi ule ulimfaidi nani: chungwa likawa ODM, chama cha Raila, na jogoo, nembo ya KANU, akabaki kiunzi. Wakati huohuo Uhuru na Nicholas Biwott walikuwa wakivutana juu ya uenyekiti, kila mmoja na kundi lake.

Kisha ukaja mwaka 2007, ambao kwangu ndio mwaka wa kifo. Uhuru Kenyatta, mwenyekiti wa KANU na kiongozi rasmi wa upinzani, alitangaza kwamba hatagombea urais, atampigia debe rais aliye madarakani. Sijui mfano mwingine kama huo. William Ruto, aliyekuwa katibu mkuu, akaenda ODM. Chama kimoja, viongozi wake wawili wakuu, kambi mbili zinazopigana. Mpiga kura wa Bonde la Ufa alitakiwa kuchagua kati ya jina la chama na mahali watu wake walipokwenda, na akachagua bila kusitasita. Mzee Moi mwenyewe alizunguka kumwombea Kibaki kura. Wanawe watatu, Gideon, Jonathan na Raymond, waligombea ubunge katika maeneo ambayo kwa miaka mingi jina lao lilitosha. Wote watatu walianguka. Biwott pia akaanguka, kule Keiyo Kusini.

Mnaoishi kwa siasa za mashinani mnajua kipimo ninachokitaja: tiketi. Mwaka 1997 aliyepata tiketi ya KANU kule Baringo alikuwa ameshamaliza uchaguzi. Siku ya kura ilikuwa kutimiza wajibu. Watu waliuza mashamba kuitafuta. Mwaka 2007 tiketi hiyohiyo ilikuwa mzigo wa kubeba kichwani ukipita sokoni. Ukitaka kujua chama kinakufa, acha kuhesabu viti na muulize kijana mwenye tamaa ya udiwani: ukipewa karatasi hii, unafurahi au unaanza kujieleza kwa watu? Yeye hana nadharia, ana hela zake mfukoni na hataki zipotee.

Mwaka 2012 Uhuru alihamia TNA, chama kipya, na jogoo akaachiwa Gideon Moi. Kumbuka lakini kwamba marais wote watano wa Kenya wamepitia KANU: Kenyatta, Moi, Kibaki aliyekuwa makamu wa rais humo kwa miaka kumi, Uhuru, na Ruto aliyejifunzia siasa kwenye kampeni za YK'92, kundi la vijana lililompigia debe Moi. Kwa hiyo kama swali ni la chama, jibu ni kwamba kimekwisha. Kama ni la watu na namna yao ya kutawala, sina hakika waliwahi kushindwa. (Jubilee, chama cha Uhuru, ilirithi hata ugonjwa: viti 171 mwaka 2017, na 28 mwaka 2022, na safari hii mwenye chama alikuwa bado Ikulu.)

Sasa nivuke bahari kidogo. Wanachama wa KANU waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na bei yake. Zanzibar wameonyesha namna nyingine ya kuondoka. CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani, ilifutiwa uchaguzi wa Oktoba 2015, ikasusia marudio ya Machi 2016, kisha ikapasuka kati ya Profesa Ibrahim Lipumba na Maalim Seif Sharif Hamad. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtambua Lipumba kuwa mwenyekiti halali. Kisheria Maalim alikuwa amepoteza kila kitu: jina, bendera, ruzuku, majengo. Akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo na msemo ukatoka: "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Matawi Unguja na Pemba yakaanza kupakwa rangi upya siku ileile. Bendera za CUF zikashuka, za zambarau zikapanda kwenye milingoti ileile, na waliozipandisha walikuwa watu walewale, na makatibu wa tawi walewale na madaftari yao.

Matokeo rasmi ya 2020 nayaweka kando, kwa sababu uchaguzi ule ulilalamikiwa kiasi kwamba tarakimu zake hazinisaidii kupima nguvu ya mtu yeyote. Tosha kusema kwamba Lipumba, mwenye jina, bendera na hukumu ya mahakama, hakufikisha hata asilimia moja ya kura za urais wa Muungano, na kwamba Desemba ile aliyeapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar alikuwa Maalim, kupitia chama ambacho miaka miwili nyuma visiwani kilikuwa hakijulikani. Chama kilikufa na vuguvugu likabaki zima. Mtu aliyekuwa anatazama daftari la msajili peke yake angekosea kabisa.

Kuna na wanaobaki palepale. Malawi Congress Party ilikuwa na kila sababu ya kutoweka mwaka 1994. Kamuzu Banda alishindwa na Bakili Muluzi, 33 kwa 47, na chama kilibeba lawama za miaka thelathini ya vitisho vya Young Pioneers, kikosi chake cha vijana. Lakini Kanda ya Kati haikuondoka. Dowa, Dedza, Lilongwe vijijini: huko tiketi ya MCP iliendelea kuwa na thamani, uchaguzi baada ya uchaguzi, hata chini ya John Tembo ambaye kwingineko nchini alikuwa hauziki. Mwanasiasa wa Kati mwenye akili alipiga hesabu na kuona kuhama ni hasara. Chama kikawa kidogo, kizee, cha kanda moja, lakini kizima. Mwaka 2013 Lazarus Chakwera akatoka kanisani, alikokuwa kiongozi wa Assemblies of God, akakichukua. Mahakama ilipofuta uchaguzi wa 2019 na kutaka mshindi avuke nusu ya kura, Chakwera akaungana na Saulos Chilima, na Juni 2020 MCP ikarudi Ikulu baada ya miaka 26. Septemba 2025 ikatolewa tena na Peter Mutharika, yuleyule iliyemtoa. Wapo waliokwisha kuandika tanzia. Mimi ningesubiri.

UNIP ya Zambia, chama cha Kenneth Kaunda, ilianza pabaya kuliko MCP ila si pabaya kupita kiasi: mwaka 1991 ilipata viti 25 kati ya 150, ikiwa imeshikilia Jimbo la Mashariki lote. Ilianza kujimaliza mwaka 1996 iliposusia uchaguzi baada ya katiba kubadilishwa ili Kaunda asigombee. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini wagombea wa Mashariki hawakuweza kukaa miaka mitano bila kazi wakisubiri haki itendeke, wakatafuta vyama vingine, na iliporudi uchaguzini mwaka 2001 ikapata viti 13 tu.

Kesi ninayoulizwa zaidi siku hizi ni Botswana. BDP ilitawala miaka 58, na Oktoba 2024 ikabaki na viti 4 kati ya 61. Magazeti yaliandika kwamba imefutika. Sasa tazama kura: takriban asilimia 30. Ni kama KANU ya 2002, karibu sawasawa, ila KANU kwa kura hizo ilipata viti 64. BDP kura zake zimetawanyika nchi nzima, kidogo hapa, kidogo pale, inashika nafasi ya pili au ya tatu kila mahali. Mfumo wa mshindi kuchukua jimbo unaadhibu chama cha namna hiyo bila huruma. Kwa hiyo bado ina watu. Isichokuwa nacho ni nyumbani. Hiyo inanitia wasiwasi kuliko vile viti vinne, kwa sababu hakuna Dowa wala Dedza ya kuishikilia wakati wa kiangazi, na kama KANU, haijawahi kula isipokuwa mezani pa serikali. Nikilazimishwa kuweka dau, naweka upande wa kufifia. Dau dogo.

Na ODM? Hiyo ndiyo inayojaza simu yangu tangu Raila alipofariki Oktoba 2025. Watu husahau kwamba chama hiki kimetangazwa mshindwa wa urais mara nne, 2007, 2013, 2017 na 2022, na kila mara kikarudi bungeni na Nyanza yake na sehemu kubwa ya Pwani. Kushindwa hakujawahi kukidhuru. Kinachoweza kukidhuru ni kile kilichoiponza KANU mwaka 2007: kuwa ndani ya serikali na nje ya serikali kwa wakati mmoja, viongozi wakivuta huku na wengine kule. Chini ya Oburu Oginga kiko katika serikali jumuishi na UDA, chama cha Rais Ruto, na wapo ndani yake wasiotaka kusikia habari hiyo. Novemba 2025 kilishikilia Kasipul, Ugunja na Magarini kwenye chaguzi ndogo, na wengi wakapumua. Ila chaguzi hizo zilifanyika wiki sita tu baada ya msiba, na kura ya msiba ni kura ya heshima.

Mimi nasubiri mchujo wa 2027. Nitataka kujua ni wangapi Homa Bay, Siaya na Kilifi watakaolipia fomu za ODM, na watakaoangushwa humo wataenda wapi: nyumbani kungoja 2032, kwa kujitegemea mmoja mmoja, au wote kwa pamoja chini ya bendera moja mpya.