Begi la Vifaa vya Pikipiki Lipange Ukiwa Nyumbani, Usisubiri Ukwame Njiani

Habari zenu ndugu zangu wa boda na wote mnaotumia pikipiki kwenda kazini, shambani, kanisani, msikitini. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa pikipiki kwenye chuo cha ufundi hapa Moshi, kazi yangu ya kila siku ni kufundisha vijana kufungua na kufunga, ila leo naongea na nyie mlioko barabarani kuhusu lile begi dogo la chini ya siti. Wengi wanalo, sema wengi hawajawahi kulijaribu, na hapo ndo shida inapoanzia.

Mwaka juzi natoka Sanya Juu narudi Bomang'ombe, jioni jua linazama, tairi la nyuma likakaa. Sikuwa na wasiwasi maana begi lilikuwa na tyubu mpya, viraka, solusheni na pampu. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa nikashika nati ya ekseli, spana yangu ni 17 na nati ni 19. Begi nililitoa kwenye pikipiki yangu ya zamani nikalihamishia kwenye hii bila kuangalia. Nikajaribu kwa plaizi, kona za nati zikaanza kulika, nikaona zinang'aa weupe nikaacha kabla sijaiharibu kabisa. Giza likaingia nimekaa pembeni na tyubu mpya mkononi isiyo na msaada wowote, mpaka kaka mmoja wa boda akasimama akaniazima 19 yake, na baada ya hapo kazi haikuchukua hata nusu saa.

Kwahiyo kabla hujanunua kitu chochote fanya hivi: siku huna haraka, toa vifaa vyako vyote vitandaze chini kwenye gunia, afu fungua gurudumu la nyuma kwa kutumia hivyo hivyo tu, usikimbilie kabati la vifaa wala kuazima kwa jirani. Ukikwama mahali, hicho kilichokosekana ndo cha kununua. Na spana ambayo hukuigusa tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kufungua plagi na kukaza cheni, hiyo iache nyumbani. Pikipiki nyingi tunazotumia huku zinahitaji spana kati ya 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19 lakini si lazima yako ihitaji zote, ina zake, na begi la kununua dukani limepangwa na mtu ambaye hajaiona pikipiki yako.

Tuje kwenye pancha maana hii ndo itakusimamisha mara nyingi kuliko vyote, hasa ukiwa unapita njia za Longido, Monduli au kule Mererani ambako miiba ya migunga imelala mpaka barabarani. Beba tyubu nzima ya saizi yako (soma ubavuni mwa tairi, 17 na 18 haziazimani, na ya mbele mara nyingi ni nyembamba kuliko ya nyuma), vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, na viraka kama akiba ya pili. Kubadilisha tyubu ni haraka kuliko kuziba ukiwa kwenye jua au mvua, ile iliyotoboka utaiziba kwa utulivu ukifika. Kitu ambacho vijana wangu wengi wanasahau ni kwamba mwiba bado umo kwenye tairi! Chukua kitambaa, kipitishe ndani ya tairi lote polepole, kikinasa mahali hapo ndo penye mwiba au msumari, utoe kwa plaizi, usipitishe kidole kitupu utajichana. Bila hivyo tyubu mpya inatoboka kabla hujafika hata kilomita mbili.

Kurudisha tairi nako kuna namna yake. Tia upepo kidogo tu kwenye tyubu mpya ipate umbo ndo uiingize, halafu wakati unamalizia ule ubavu wa mwisho hakikisha upande wa pili wa tairi umeukanyagia kwenye bonde la katikati ya ringi, tairi linalegea lenyewe na unamalizia kwa mikono. Anayetumia nguvu ya chuma hapo mwishoni anaibana tyubu na kuitoboa mwenyewe, nimeona sana hii darasani. Upepo kwa pikipiki nyingi za boda mbele ni kama 25 psi na nyuma 28 mpaka 32, ila namba ya kuamini ni ya kwenye kitabu au stika ya pikipiki yako. Na pampu ijaribu nyumbani, zipo ambazo mdomo wake haushiki kwenye valvu kabisa.

Kinachofuata ni waya wa klachi. Huu hauna taarifa nyingi, unakatika uzi mmoja mmoja pale juu kwenye mkono, kwenye kile kichwa cha risasi kinachoshika ncha ya waya, mpaka siku moja unakatika wote ukiwa kwenye mlima wa Kibosho na abiria na gunia la ndizi. Hapa nina ushauri mmoja naupenda sana: nunua waya mpya, upake oili, uulaze sambamba na ule wa zamani kuanzia kwenye mkono mpaka chini kwenye injini, uufunge kwa zipu tai, ncha zote mbili uzifunike kwa kinailoni maji yasiingie. Ukikatika wa zamani huna haja ya kutoa tenki wala kuhangaika waya upite wapi, unachomoa ncha mbili unachomeka mbili. Hakikisha tu usukani unakata kona kushoto na kulia bila kuvuta waya wowote.

Plagi moja mpya ikae kwenye boksi lake, na spana ya plagi iwe ya kwako, zipo plagi za 16 na zipo za 18. Wakati wa kufunga anza kwa vidole mpaka ikae, ndo umalizie na spana kidogo, ukiikaza kama nati ya gurudumu utaharibu uzi wa kichwa cha injini na hiyo sio kazi ya njiani tena. Lakini kabla hujafungua plagi angalia kwanza mafuta kama yapo na koki imewekwa rizevu, angalia swichi ya kuzimia hapo kwenye mkono kama haijaguswa, na wakati wa masika vua kofia ya plagi uifute, maji yakiingia humo pikipiki inagoma hata kama kila kitu ni kizima.

Cheni, beba kiungio kimoja na kilipu yake, cheni nyingi za pikipiki za cc 125 na 150 ni saizi ya 428 lakini soma kwenye cheni yenyewe imeandikwa. Upande wa kilipu usio na uwazi uelekee kule cheni inakokwenda, ukigeuza inaweza kuchomoka. Fyuzi mbili zenye namba ile ile ya zamani. Tafadhali sana msiweke waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, fyuzi imeungua kwa sababu, ukiilazimisha ni nyaya ndo zitaungua na juu yake kuna tenki la petroli.

Tochi ya kichwa nayo iwemo, maana mkono mmoja haufungi gurudumu. Na jaketi la riflekta livae, usilikalie. Barabara ya Moshi Arusha ina mabasi na malori usiku kucha, sukuma pikipiki mpaka nje kabisa ya lami hata kama ringi itaumia kidogo, usitengenezee kwenye kona wala darajani. Ukiweka matawi barabarani kuwatahadharisha wenzio, ukimaliza yatoe, watu wengi wanayaacha na usiku yanamwangusha mwingine. Kukiwa na ajali namba ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

Kupanga sasa. Spana zikunje kwenye mguu wa jinzi kuukuu uzifunge kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu, hazitagongana wala kutoboa tyubu mpya, na hiyo jinzi ndo utapiga goti juu yake. Vizito vikae chini ya siti au kwenye boksi la pembeni. Usibebe spana kwenye begi la mgongoni, ukianguka unaangukia juu ya chuma na uti wa mgongo hauna spea. Tyubu mpya ipake poda ya mtoto uifunge kwenye nailoni. Na solusheni, kila mwezi ibonyeze kidogo usikie kama bado ni laini, ikishafunguliwa mara moja inakauka humo humo kwenye kichupa, unaweza kukaa nayo mwaka mzima ukidhani unayo.