Mshono wa ushanga: pale kutunga kunapoishia na kufuma kunapoanza

Bangili ya shanga ikikukatikia ndani ya feri ya Likoni, huwa moja katika mambo mawili. Kama ilitungwa, uzi umekatika mahali pamoja na shanga zote zimemwagika, zabingirika baina ya miguu ya watu na magurudumu ya mikokoteni, na hata ukiinama huokoti nusu yake. Kama ilifumwa, utaona ncha ya uzi imechomoza pembeni na shanga mbili tatu zimelegea, lakini bangili ingali mkononi. Mimi yamenifika yote mawili, na lile la kwanza ndilo lililonifanya nitake kujua mshono wa ushanga ni kitu gani hasa.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Kitenzi tulichozoea kukisema pamoja na ushanga ni kutunga. Twatunga shanga kama tunavyotunga samaki kwenye kamba na asumini kwenye uzi, na malenga naye hutunga beti zake. Kitendo ni kile kile: kimoja nyuma ya kingine, kwa mstari. Tasbihi imetungwa. Shanga za kiunoni zimetungwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba shanga zilizokwisha kutungwa, na zilihesabiwa kwa tungo hizo: tungo moja iliitwa kete, na kete 10 zikafanya fundo moja. Na tangu kabla ya misafara hiyo kwa karne nyingi, shanga za kioo zilikuwa zikiletwa na majahazi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamezipata Gedi, na wamezipata pia kwenye magofu ya mji uitwao Shanga, kisiwani Pate. Kwa hivyo kutunga ni kazi ya asili hapa kwetu na wala siidharau.

Ila katika kutunga, uzi hupita ndani ya kila ushanga mara moja tu na kwenda zake. Shanga mbili zilizo jirani zinagusana, hazikushikana. Kinachozibakisha pamoja ni fundo la mwisho.

Kufuma ni uzi kurudi. Mshono wa ushanga ni ile njia maalumu ambayo sindano huifuata, ikiingia ndani ya ushanga mpya kisha ikarejea ndani ya ushanga uliokwisha kuwekwa, hadi shanga zikashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa kipande kimoja kinachokunjika kama kitambaa. Chini yake hakuna kitambaa chochote. Ukizishona shanga juu ya gauni la harusi, hapo umedarizi. Ukitandika nyuzi kwenye fremu na kupitisha shanga baina yake, umefuma kwa mtande na mshindio kama mfumaji wa nguo, na bangili nyingi zenye bendera au jina la mtu hufumwa hivyo. Mshono ninaousema mimi hauna fremu. Una sindano moja, uzi mmoja na vidole. Na neno mshono hapa lisikupeleke kwenye mishono ya magauni ya vitenge; si mtindo wa kuvaa, ni njia ya uzi.

Mshono wa kwanza niliofunzwa ni ule uitwao peyoti. Jina lake limetoka Marekani, kwa wenyeji wa asili wa huko, waliopamba kwa mshono huo vyombo vya ibada zao zinazohusu mmea wa peyoti. Shangazi yangu alinikalisha barazani Majengo, akatandika leso kuukuu iliyokunjwa mara mbili ili shanga zisibingirike, akanimwagia kifuko cha shanga nyekundu.

“Tunga nane,” akasema.

Nikatunga. “Sasa chukua wa tisa. Ruka wa nane, ingia ndani ya wa saba, ukirudi ulikotoka.”

Nikavuta uzi. Ule wa tisa ukageuka, ukalala ubavuni mwa wa nane, na mimi nikadhani nimekosea. “La, mwanangu, ndivyo. Chukua mwingine, ruka wa sita, ingia wa tano.” Halafu ruka wa nne, ingia wa tatu, ruka wa pili, ingia wa kwanza. Mwisho wa safari hiyo shanga nne mpya zilikuwa zimejitokeza juu kama meno, na baina yao pana nafasi nne. Hapo ndipo nilipoelewa. Safari ya kurudi kila ushanga mpya hukaa ndani ya nafasi, na sindano huingia kwenye jino linalofuata. Huhitaji kuhesabu tena, macho yanakwambia pa kuingia. Ukiutazama ukingo wa kazi utaona safu zinapishana kama mawe ya ukuta, kila moja juu ya kiungo cha mawili ya chini. Zile shanga nane za mwanzo, zilizoonekana mstari mmoja, kumbe zilikuwa safu mbili.

Hesabu yake inafaa kujulikana na kila anayenunua. Shanga ndogo zinazotumika sana kwa bangili huandikwa namba 11/0, nazo zina unene wa milimita 2 hivi. Namba ikikua ushanga hupungua: 8/0 ni kama milimita 3, na 15/0 ni milimita moja na nusu. Bangili ya kutungwa ya mstari mmoja, ya mkono wa sentimita 16, inachukua shanga mia na kidogo, kwa kuwa upande wa tundu ushanga ni mfupi kuliko unene wake. Ile ya peyoti ya upana wa shanga nane, ambao ni sentimita moja na kitu tu, inachukua kama 600, na kila moja imepitiwa na sindano mara mbili. Ya kwanza ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni jioni mbili kwa mkono uliozoea. Huniuma kuona mtu pale mbele ya Fort Jesus ameziweka zote mbili kwenye kitambaa kimoja, na mteja anazitolea bei moja kwa sababu zote “ni shanga”.

Mishono mingine hutofautiana kwa jambo moja tu: uzi unarejea wapi. Mshono wa tofali ukiutazama utadhani ni peyoti iliyogeuzwa ubavu, lakini uzi hauingii ndani ya ushanga wa chini. Unanasa ule uzi mdogo unaounganisha shanga mbili za chini, kisha unapanda tena ndani ya ushanga mpya. Matokeo yake ni kipande kigumu zaidi, kizuri kwa hereni. Mshono wa mraba hupanga shanga moja kwa moja juu ya nyingine kama karatasi ya hesabu. Ni mzuri kwa herufi, ila unakula uzi.

Mshono wa Kindebele umepewa jina la Wandebele wa Afrika Kusini, na mimi naupenda kuliko yote kwa sura yake. Shanga huchukuliwa mbili mbili. Sindano inashuka kwenye ushanga wa jirani na kupanda kwenye unaofuata, na kila jozi inainama, mmoja huku mmoja kule. Safu zikipandana utaona mfupa wa samaki kamili, kama changu aliyeliwa vizuri. Upo pia wa pembemraba: shanga nne hufanya duara dogo, kisha kila duara jipya huongeza tatu tu na kuazima moja kutoka kwa jirani. Bangili yake hulegea mkononi kama mkufu.

Halafu upo mshono wa wavu, ambao mtoto wa pwani ataujua kabla hajaelezwa. Unachukua shanga tano, unaingia kwenye ushanga wa katikati wa tao lililotangulia, unachukua tano nyingine, unaingia katikati ya tao linalofuata. Ni jarife lenye shanga mahali pa kamba. Mshono huu ni wa kale mno: kule Giza, Misri, kaburini lilipatikana vazi zima la wavu wa shanga la enzi za Farao Khufu, miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Nyuzi zilikuwa zimeoza zote, na waliolifukua waliweza kulipanga upya kwa kufuata shanga zilivyolala.

Kuhusu uzi, hali ya hewa ya Mombasa haina huruma. Uzi wa pamba hula jasho na chumvi, ukaoza. Mshipi wa kuvulia, ule wa unyuzi mmoja mgumu, unashawishi kwa sababu hauhitaji hata sindano, lakini unajikunja unavyotaka wenyewe na jua huufanya ukauke na kupasuka. Kinachofaa ni uzi wa nailoni mwembamba, au ule mshipi wa kusokotwa wenye nyuzi nyingi ndani yake. Kata urefu wa pima moja, uvute kwa mikono miwili ulegee kabla ya kuutumia, upake nta ya nyuki ushikamane. Sindano iwe ya shanga, namba 10 au 12, ambayo tundu lake halikutuna kuliko mwili wake. Sindano ya kushonea nguo itakwama mara ya pili kupita. Mwanzoni mwa uzi weka ushanga mmoja wa rangi nyingine uliopitiwa mara mbili, bila fundo, uzuie wenziwe wasitoke. Utauvua mwishoni.

Na mkazo. Kila ukivuta, vuta sawa na ulivyovuta awali. Ukilegeza, uzi utaonekana baina ya shanga. Ukikaza mno, bangili itapinda kama jani kavu. Kabla ya hapo chagua shanga zako, maana za bei nafuu hazilingani: nyingine nyembamba, nyingine nene. Zile za Kijapani zenye umbo la bomba, kama Delica za Miyuki, hulingana kiasi cha kuufanya uso wa peyoti uwe bapa kama sakafu.

Sasa bangili yangu ya pili, ile iliyochomoza uzi kwenye feri. Nilipofika nyumbani niliirudisha sindano ndani ya ncha iliyokatika, nikafumua safu nne mpaka nilipokuta uzi mzima. Uzi mpya nikauanzia safu sita nyuma, nikaupitisha kwa kupinda pinda ndani ya shanga ili ujifunge wenyewe, nikaendelea pale pale nilipoachia. Shanga zilizopungua nilinunua kifuko kingine cha nyekundu ile ile. Haikuwa ile ile. Shanga zilizopikwa siku tofauti hupishana rangi kidogo. Ukiishika bangili juani utaona safu nne zina wekundu uliokolea zaidi, karibu na kishikizo.