Lafudhi ya Shohreh Aghdashloo

Nafundisha waigizaji matamshi. Wanawake waliohamia ughaibuni wakiwa wamevuka miaka arobaini huniuliza swali moja: nifute lafudhi yangu? Kabla sijajibu, huwa nawasikilizisha sauti ya Shohreh Aghdashloo, mwigizaji mzaliwa wa Iran, ile sauti yake nzito yenye mkwaruzo.

Alizaliwa Tehran mwaka 1952, na mwaka 1977 alikuwa tayari ameigiza katika filamu ya mwongozaji Abbas Kiarostami. Mwaka 1979 aliondoka Iran akaenda Uingereza, akasomea uhusiano wa kimataifa, kisha akahamia Marekani. Huko aliigiza tamthilia kwa Kiajemi mbele ya Wairani waliohama kama yeye. Wanaosimulia habari zake huiruka sehemu hii, nami naiona ndiyo kiini. Mwigizaji asiyepanda jukwaani kwa miaka hupoteza pumzi, na hupoteza sikio la kutambua ukumbi umetulia kwa kuguswa au kwa kuchoka. Darasa la lugha haliwezi kumrudishia hayo. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waigize kwa lugha yoyote itakayowapa jukwaa.

Alipoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2004, kwa nafasi ya mke wa afisa wa jeshi aliyekimbia Iran, alikuwa na miaka 51. Mwaka 2009 akapata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani. Baadaye, katika tamthilia ya televisheni The Expanse, akawa Chrisjen Avasarala, kiongozi wa Umoja wa Mataifa. Lafudhi ile iliyomtambulisha kama mkimbizi sasa ikabeba mamlaka.

Kwa hiyo jibu langu ni: usiifute. Basi silabi zipi tuzifanyie kazi? Hapa wengi hupoteza muda kwa kupambana na konsonanti. Kinachomchosha msikilizaji zaidi ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; Kiajemi, katika nomino nyingi, huupeleka silabi ya mwisho; Kiingereza huuhamisha neno kwa neno. Konsonanti ngeni husameheka, lakini mkazo ukikaa pasipo pake, maana hupotea na mtazamaji huacha kumfuata mhusika. Nachukua penseli, natafuta neno moja katika kila sentensi linalobeba nia ya mhusika, nalipigia mstari. Mengine yapite mepesi.

Mwanafunzi mmoja aliniletea video ya usaili. Alikuwa amezichonga irabu zake mpaka sauti ikawa si yake wala ya mtu yeyote, na mikono imeganda mapajani. Iliniuma, maana nilijua uwezo wake. Nikamwomba aiseme hotuba ile kwanza kwa lugha ya mama yake, akitafsiri papo hapo, bila kujali makosa. Halafu kwa lugha ya pili, akiegemea maneno yaliyopigiwa mstari tu. Akarudia. Mara ya tatu mikono ikainuka yenyewe.