Mchaichai uani: kunywa tunakunywa, lakini mbu je?

Uani kwangu ni padogo. Naanzaje?

Omba kwa jirani. Kwa kawaida mchaichai haupandwi kwa mbegu. Unachimbua shina moja pamoja na mizizi yake, unapunguza majani, unafukia. Hata wa sokoni, kama bado una kitako chake cheupe, utatoa mizizi ukiusimamisha kwenye glasi ya maji wiki mbili tatu. Unataka jua, na maji yasituame. Uachie nafasi, maana kishina kimoja mwakani ni kichaka. Baada ya miezi minne hadi sita anza kukata, na ukate kwa kisu. Ukivuta jani kwa mkono mtupu litakuchana.

Ni kweli unafukuza mbu?

Hapa tunadanganyana sana. Mafuta yake yamo ndani ya jani, ndiyo maana hata ukipita karibu harufu haisikiki sawasawa mpaka ulifikiche. Kichaka kilichosimama chini ya dirisha hakimzuii mbu kuingia. Na ile sitronela inayotajwa kwenye dawa za kujipaka hutoka kwa ndugu zake mchaichai, si huu wa chai, na hata hiyo huisha nguvu upesi. Chandarua chenye dawa kisitoke kitandani.

Na nyoka?

Usitegemee. Kichaka kizito kisichopunguzwa ni maficho ya panya, na nyoka huwafuata panya.

Nikinywa, unatibu nini?

Harufu yake inatokana na sitrali, ambayo imo pia kwenye ganda la limau. Usipotia majani ya chai, kinywaji hakina kafeini, kwa hiyo hata usiku unakunywa na usingizi unakuja. Mgonjwa wa homa akinywa anapata maji, na maji anayahitaji. Ila vimelea vya malaria haviuawi na chai hii. Kumfukiza mtoto shukani siku tatu huku anazidi kulegea ni kupoteza muda: apimwe kwanza.

Halafu kuna sukari. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, na bado tunaita dawa! Mwenye kisukari aanzie hapo.

Mjamzito anywe?

Hushauriwa asinywe mzito kila siku, kwa kuwa sitrali kwa kiwango kikubwa ilidhuru mimba za panya wa maabara. Jani moja la kutia harufu ni jambo jingine. Akiwa na wasiwasi amuulize mkunga kliniki. Mafuta ya chupa hayanywewi, wala asipakwe mtoto mchanga.

Nichemshe vipi?

Majani mawili matatu mabichi, yaoshe, yafunge fundo. Maji yakishachemka yatumbukize, epua, funika dakika tano hadi kumi. Ukiacha sufuria wazi, harufu yote itabaki jikoni na kikombe kitapata maji ya moto tu.