Maana ya kumwandaa mhadhiri kufundisha mtandaoni

Mhadhiri akiambiwa kuna mafunzo ya kufundisha mtandaoni, kinachomjia akilini kwanza ni vitufe: slaidi zinapakiwa wapi, video inarekodiwaje, wanafunzi wataingiaje kwenye kipindi cha mubashara. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo na hujifunzwa haraka. Dhana yenyewe ina uzito zaidi. Kumwandaa mhadhiri ni kumsaidia mtu aliyebobea katika somo lake alipange upya kwa ajili ya mwanafunzi atakayelisoma akiwa mbali, mara nyingi peke yake, pengine saa ambazo mhadhiri mwenyewe amelala. Na kozi ikishaanza, ni kumsaidia aendelee kuwa mwalimu ndani yake, asigeuke mtunza mafaili.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, kubuni kozi na kuifundisha, na kila moja inadai ujuzi wake. Wapo wanaobuni vizuri kisha wanatoweka wiki ya kwanza. Wapo pia walio karibu sana na wanafunzi wao, ila kozi yao haina kichwa wala miguu.

Lakini mtu mwenye shahada ya uzamivu na miaka mingi ukumbini afundishwe kufundisha kwa nini? Wahadhiri wengi huajiriwa kwa sababu ya utafiti wao, bila kuwahi kusomea ualimu. Hufundisha walivyofundishwa. Darasani hilo huwafikisha mbali, maana kila mmoja anamkumbuka mwalimu fulani anayemwiga. Ila wengi hawakuwahi kuwa wanafunzi wa kozi ya mtandaoni hata siku moja, kwa hiyo wakifika huko hawana wa kumwiga.

Sababu nyingine ndiyo kubwa. Darasani mhadhiri hurekebisha mambo papo hapo. Anaona nyuso zimekunjamana, anarudi nyuma, anatoa mfano mwingine. Mwanafunzi anauliza, “Insha iwe ya kurasa ngapi?” Anajibiwa, na ukumbi mzima unasikia. Lililosahaulika leo litasemwa kesho. Mtandaoni hakuna nyuso za kusoma. Yote ambayo yangerekebishwa kwa mdomo inabidi yawe yamewazwa na kuandikwa kabla mwanafunzi hajafika. Mafunzo mazuri, kwa sehemu kubwa, ni mazoezi ya kuona mapema mahali mwanafunzi atakapokwama.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na mihadhara ikahamishiwa kwenye kamera ndani ya siku chache, hayapaswi kuitwa kozi za mtandaoni. Machi mwaka huo huo Charles Hodges na wenzake waliandika kwamba ule ulikuwa ufundishaji wa dharura kwa mbali, na kwamba si haki kuupima kwa mizani ya kozi iliyobuniwa kwa miezi. Nakubaliana nao kabisa. Mhadhiri anayesema “nilifundisha mtandaoni wakati wa korona na haikufaa” anasema kweli kuhusu dharura ile. Kozi iliyoandaliwa huenda hajaionja bado.

Kubuni huanzia mwisho. Mhadhiri amezoea kujiuliza, “Wiki ya kwanza nitafundisha nini?” Katika mafunzo anaombwa ajiulize mwanafunzi ataweza kufanya nini kozi itakapokwisha, kisha itajulikanaje kwamba anaweza, na mwishoni kabisa asome nini ili afike hapo. Njia hii ya kupanga kinyumenyume ilienezwa na Grant Wiggins na Jay McTighe kuanzia 1998. Miaka miwili kabla yao John Biggs alikuwa ameandika kuhusu ulazima wa malengo, shughuli na tathmini kuvuta upande mmoja.

Likitamkwa hivyo linaonekana jepesi. Tuliangalie kwa karibu. Mhadhiri wa uuguzi ameandika lengo lake: “Mwanafunzi ataelewa ugonjwa wa kisukari.” Kuelewa hakuonekani kwa macho, hivyo mkufunzi anamuuliza angemtambuaje aliyeelewa. Baada ya kuandika na kufuta mara kadhaa, lengo linakuwa: “Akipewa historia ya mgonjwa na matokeo ya vipimo vya sukari, mwanafunzi ataweza kuamua kama mgonjwa ana kisukari na kuutetea uamuzi wake.” Hapo tathmini imejileta yenyewe: mpe wagonjwa watatu wa kubuni, mmoja wao akiwa na majibu yenye utata. Mtihani wa zamani, uliouliza tafsiri za maneno, unaonekana wazi kwamba haukuwa ukipima alichokusudia. Na katika slaidi zake themanini anagundua kwamba nyingi hazisaidii uamuzi ule. Kuziacha kunauma, kwa sababu kila moja aliitengeneza kwa mkono wake. Mkufunzi asiyeuheshimu uchungu huo hatafika popote na wahadhiri.

Maelekezo ya kazi nayo hudai muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua jukwaa la mjadala lenye swali hili: “Jadilini visababishi vya mmomonyoko wa udongo.” Mwanafunzi wa kwanza anaandika visababishi vyote kutoka kitabuni. Wanaofuata wanaandika, “Nakubaliana na mwenzangu.” Mhadhiri analalamika kwamba wanafunzi ni wavivu, kumbe swali halikuwaachia cha kusema. Sasa liandikwe hivi: “Tazama picha za miteremko miwili. Chagua mmoja, utaje hatua moja ambayo ungeanza nayo kuzuia mmomonyoko, na useme kwa nini hiyo na si nyingine. Maneno 150, kufikia Jumatano. Kufikia Jumamosi, msome mwenzako aliyechagua mteremko mwingine na umuulize swali moja ambalo jibu lake halimo katika alichoandika.” Mada ni ile ile. Ila sasa hakuna majibu mawili yatakayofanana, na kila mtu anajua afanye nini, kiasi gani, na lini.

Kuhusu video, wengi hutaka kurekodi mhadhara wao wa dakika 50 kama ulivyo. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichunguza vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba video fupi, za chini ya dakika 6, ndizo zilizowashika watazamaji zaidi. Waliona pia kwamba video yenye ukaribu wa mtu na mtu inaweza kushinda ile ya studio ya gharama kubwa, habari njema kwa mwenye kompyuta yake tu na chumba kitulivu. Lakini kufupisha si kukata mhadhara vipande tisa kwa mkasi. Kila kipande kijibu swali moja, na baada yake mwanafunzi apewe jambo la kufanya.

Mengine ni ya lazima na hayana mjadala: video ziwe na manukuu kwa asiyesikia, picha ziwe na maelezo kwa asiyeona, mafaili yafunguke hata kwenye simu.

Kozi ikianza, swali linakuwa mhadhiri yuko wapi. D. Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer mwaka 2000 walieleza kwamba ujifunzaji wa aina hii unasimama juu ya uwepo wa namna tatu: uwepo wa kijamii, wanafunzi wajione kuwa watu miongoni mwa watu, uwepo wa kifikra, wachimbe hoja hadi wafike mahali, na uwepo wa ufundishaji, mtu aonekane anaongoza safari. Mafunzo yanamwonyesha mhadhiri uwepo huo unavyoonekana siku ya Jumatatu asubuhi: tangazo fupi linalotaja hoja mbili zilizojitokeza wiki iliyopita, mrejesho unaorudi kabla zoezi linalofuata halijaanza, ujumbe wa faragha kwa aliyekaa kimya siku kumi. Yanamfundisha pia kujizuia. Mhadhiri anayejibu kila chapisho ndani ya dakika tano anaua mjadala, kwa sababu profesa akishasema nani ataongeza? Na asipotangaza mapema saa zake za kujibu, kozi itamla usiku na mchana.

Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kubaki katika mafunzo haya, ningechagua hili: yafanyike mtandaoni, mhadhiri akiwa mwanafunzi. Akwame. Profesa anayetafuta kwa dakika ishirini mahali pa kuwasilisha zoezi, kwa sababu maelekezo yalisema “kama ilivyoelezwa hapo juu” na hapo juu hapakuwa na kitu, hatayaandika maneno hayo katika kozi yake. Kinachomuumiza pale ni aibu ya kufikiri kwamba kosa ni lake. Aibu hiyo ndiyo mwanafunzi wake mgeni atakayoihisi, na wengine huacha masomo kwa sababu yake bila kumwambia yeyote.

Mhadhiri hafanyi kazi hii peke yake. Kwenye vyuo vilivyojipanga yupo mbunifu wa kozi, anayejua namna watu wanavyojifunza lakini hana mamlaka juu ya maudhui. Mhadhiri ndiye mwenye somo. Mbunifu anamuuliza maswali ambayo mwanafunzi angeuliza. Kisha wenzao huikagua kozi kwa vigezo vilivyoandikwa. Mfano unaojulikana ni Quality Matters, ulioanzia Maryland, Marekani, mwaka 2003: wahadhiri wengine wanaupitia muundo wa kozi, bila kumpa mwalimu alama.

Yote haya yanataka muda, na hapa ndipo taasisi nyingi huwaangusha watu wao. Mfumo unanunuliwa kwa fedha nyingi, wahadhiri wanapewa semina ya alasiri moja, na mzigo wao wa vipindi unabaki ule ule. Huko ni kuwatwika kazi. Chuo kinachotaka kozi nzuri kimpunguzie mhadhiri somo moja muhula anapobuni, na kimwache mbunifu akae naye hadi kozi ifundishwe mara ya kwanza.

Baada ya mara hiyo ya kwanza huja kikao ambacho hakifai kurukwa. Mhadhiri na mbunifu wanafungua kozi iliyokwisha na kusoma barua za wanafunzi moja baada ya nyingine. Wiki ya nne, watu kumi na wawili waliuliza swali lile lile kuhusu zoezi lile lile. Wanafungua ukurasa wa zoezi hilo na kuanza kuandika upya.