Alnusi si mti wa ufukwe wa Mwanza

Vuli ikikaribia, wananchi wa Ilemela, Magu na Sengerema hutuulizia miche ya alnusi ya kuzuia mmomonyoko kando ya ziwa. Nia ni njema, mti sio.

Sifa ya alnusi kupatana na maji ni ya kweli. Baadhi ya majengo ya Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, yamekalia nguzo zake kwa karne nyingi, kwani zikizama kabisa huoza polepole sana. Zikilowa na kukauka kwa zamu, huoza upesi.

Alnus ni jina la Kilatini tangu enzi za Warumi. Wanaisimu wengi hulihusisha na shina la kale la maneno ya wekundu na ukahawia. Ubao wake ukikatwa huwa mweupe, kisha hugeuka rangi ya chungwa ukipigwa na hewa. Linalomhusu mnunuzi ni jina la pili. Alnus glutinosa, yaani yenye kunata, kwa sababu ya utomvu wa majani yake machanga, ni ya Ulaya. Alnus acuminata, yenye jani lililochongoka, asili yake ni milima ya Amerika ya Kati na Kusini, na inapandwa Rwanda na Kabale, Uganda. Muuzaji akikutajia "alnusi" tu, usilipe.

Acuminata hupenda baridi ya mwinuko wa mita 1,500 kwenda juu. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Tena mizizi yake hutegemea bakteria aina ya Frankia, wanaoishi kwenye vinundu na kuipatia naitrojeni. Chanjo ya soya, yaani bakteria wanaopakwa kwenye mbegu za soya, haisaidii. Wale ni bakteria wengine. Ndipo watu, wakitafuta Frankia, huchota udongo chini ya alnusi za nchi jirani na kuuvusha mpaka kwenye viroba. Tumeshasema, na tunarudia: msivushe udongo kiholela. Hubeba minyoo fundo, wanaoshambulia mizizi, na bakteria wa mnyauko wa nyanya na viazi.

Mwenye shamba la nyanda za juu anayeitaka aombe kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kabla ya kununua, si mzigo ukishafika mpakani Rusumo au Mutukula. Muuzaji naye apate cheti cha afya ya mimea kwao, kinachotimiza masharti ya kibali hicho. Nyaraka zote zionyeshwe kwa mkaguzi mpakani. Mzigo usio nazo unaweza kuzuiliwa, kurudishwa au kuteketezwa.

Na kupanda miti ufukweni hakumpi mtu umiliki wa eneo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Uzio na kibanda ni shughuli za kudumu, hata vikizungukwa na miti.

Ufukweni panda mkuyu. Mvua zikianza, kata tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita 1.5 hadi 2, ulifukie sentimita 50, ncha ya chini ikibaki chini. Lizungushie miiba dhidi ya mbuzi. Mafunjo yaliyo mbele yake yaache.