Mwiko: katazo lisilohitaji polisi

Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi, kuna maboma ya Waluo huko Siaya na Nyakach, magharibi mwa Kenya, ambako udongo umeshalowa, mbegu zimeshachaguliwa, na bado hakuna anayeshika jembe. Wanamsubiri mzee. Mwenye boma ndiye anayefungua msimu pamoja na mikayi, yaani mke wake wa kwanza. Wake wengine hufuata kwa zamu ya kuolewa kwao, kisha wana kuanzia mkubwa. Desturi hiyo huitwa golo kodhi. Mzee akiwa ameajiriwa Nairobi, atapanda basi Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri apande mistari miwili mitatu ya mahindi karibu na nyumba ya mikayi, anywe chai, na saa sita mchana yuko stegi akirudi kazini. Akishapanda yeye, boma zima linaingia shambani.

Kumtangulia ni mwiko. Hakuna chifu atakayekuja kukukamata kwa kosa hilo, wala hakuna faini iliyoandikwa popote, na bado watu wazima wenye digrii zao husubiri huku mvua nzuri ikipita.

Basi mwiko ni nini? Ni katazo ambalo jamii inaamini adhabu yake huja yenyewe. Sheria inahitaji shahidi, polisi na hakimu. Adabu ikivunjwa utasengenywa wiki moja, yaishe. Mwiko hauhitaji hata mtu akuone. Uuvunje usiku, peke yako, au bila kujua kwamba ni mwiko, madhara yanaanza kutembea. Tena mara nyingi hayamwangukii aliyekosea, bali mtoto wake, mkewe au mifugo yake. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: kosa la mmoja ni deni la nyumba nzima, kwa hiyo nyumba nzima inachungana.

Waluo wana jina la madhara hayo, chira. Mtu anakonda, hana nguvu, chakula hakikai tumboni, mtoto hakui. Wazee wakimtazama mgonjwa wa namna hiyo, swali lao la kwanza ni nani katika boma aliyeruka utaratibu. Lakini mila hiyo hiyo iliyotisha imeweka pia mlango wa kutokea. Kuna manyasi, dawa ya mitishamba inayotolewa na anayeijua kazi hiyo baada ya kosa kutajwa wazi, na wahusika huinywa ili mambo yarudi sawa. Wanaoandika kuhusu miko husahau sana sehemu hii, wakaifanya ionekane kama jela. Jamii isingeweza kuishi na makatazo yasiyo na namna ya kusamehewa. Watu hukosea kila siku.

Sasa kwa nini jamii ikatae jambo ambalo lenyewe halina ubaya? Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas, aliyewahi kuishi kati ya Walele wa Kongo, alitoa jibu mwaka 1966 ambalo bado linanitosha. Alisema uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake. Viatu si vichafu vikiwa sakafuni; viweke juu ya meza ya kulia uone watu watakavyokutazama. Kwa hiyo ukitaka kujua jamii imepanga vipi watu wake, nani juu, nani chini, nani mbali na nani, usianze na sheria zake. Anza na vitu vinavyoifanya ishtuke.

Chukua wakwe. Kwa Waluo na Waluhya, mama mkwe na mume wa binti yake huwekeana umbali mkubwa: hawakumbatiani, na mama huyo hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe. Kijijini jambo hili halina shida, nyumba ni nyingi. Liko gumu Kisumu. Binti ameolewa, wanaishi chumba kimoja Nyalenda au Manyatta, pazia ndilo linalotenga kitanda na sufuria. Mama yake anakuja mjini kwa kliniki ya presha na daktari anamwambia arudi kesho asubuhi. Saa kumi na mbili jioni unamwona amekaa nje kwenye stuli, kikapu magotini, binti akipiga simu huku na huku kutafuta jirani mjane au shangazi wa upande fulani atakayempa mama mahali pa kulala. Anayetazama kwa mbali ataona usumbufu tu. Lakini katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo hakuna ukuta wa kumsitiri mtu yeyote, huo mwiko ndio ukuta.

Huo ni upande wake mzuri. Upande wa pili unaonekana vizuri zaidi Kakamega, kwenye miti. Katika miaka ya 1980 watu wa miradi ya kuni walikuta jambo la ajabu kule: mashamba yalikuwa na miti mingi, na wanawake walihangaika kupata kuni. Sababu ni kwamba kwa mila ya Waluhya wa huko, mwanamke hapandi mti. Akipanda, ilisemwa, atakuwa tasa au mumewe atakufa. Kwa nini mti, na si mahindi au kunde? Mahindi huisha kwa msimu mmoja. Mti hukaa miaka arobaini, unatia mpaka, na kwenye kesi ya ardhi ni shahidi wa nani alikuwa pale kwanza. Anayepanda mti anadai udongo. Mwiko ule ulikuwa unalinda hati ya mwanamume kabla hati hazijachapishwa, na anayetishwa ni mke ili asidai.

Na wanawake hawakugoma wala kuandamana. Sesbania, kwa mfano, ilihesabiwa kuwa kichaka na si mti, hivyo waliipanda, wakapata kuni, na hakuna mume aliyekufa kwa sababu hiyo.

Miko ya chakula ndiyo inayotajwa sana, lakini kwangu ndiyo dhaifu kuliko yote. Zamani mwanamke wa Kiluhya hakula kuku. Alimfuga, akampika, akawatengea wanaume na wageni. Leo muulize mama yeyote wa Mbale au Luanda, kule Vihiga, kama anakula kuku, atakucheka. Kilichobaki ni firigisi, ambayo bado huenda kwa mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na hapo usijaribu mchezo. Wakikuyu wengi wa zamani hawakula samaki kabisa, na sasa omena zinauzwa Nakuru kwa kopo. Mwiko wa chakula hufa haraka kwa sababu haushiki mali ya mtu. Wa kupanda, wa kujenga na wa kuzika hudumu kwa sababu umeshikana na ardhi na urithi, na ardhi haina mzaha.

Kuna mahali ambapo mwiko umeua. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya aligunduliwa mwaka 1984, na ugonjwa ulipoingia Nyanza, kwa Waluo, ulikuja na dalili ambazo kila mtu alikwisha kuwa na jina lake: kukonda, kuharisha, mke kufuatia mume kaburini, mtoto asiyekua. Wengi walisema ni chira. Wakatafuta manyasi badala ya kupimwa. Vibaya zaidi, tiba ya kosa wakati mwingine ilikuwa tendo lenyewe lililosambaza virusi, kwa kuwa mjane alitakiwa arithiwe, yaani achukuliwe na ndugu wa marehemu na kulala naye, kabla ya kurudi katika maisha ya kawaida, na kabla ya hapo alionekana mzigo hata akiingia nyumba ya mtu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia dhuluma za kinyumbani imehesabu kumlazimisha mjane kurithiwa, na kumtakasa kwa ngono, kuwa dhuluma. Wapo wajane waliokubali kwa hiari, na hilo ni lao. Ila wengi walikubali kwa ajili ya wanao, kwa hofu kwamba chira ingewafuata.

Mwiko mwingine haujabanduka bado: kujiua. Katika maboma mengi ya magharibi mwa Kenya, mti aliojinyongea mtu hukatwa na kuchomwa, mwili huweza kuchapwa kabla ya kuzikwa, na maombolezo hufupishwa. Wazee wakieleza, husema wanaizuia roho hiyo isiwavute wengine. Ukisikiliza vizuri, wanazungumzia hofu ambayo madaktari wa akili nao wanayo, kwamba kifo cha namna hii huweza kuvuta kingine. Tofauti ni kwamba njia ya wazee inaifunga midomo ya familia, na aliye hai mwenye mawazo hayo hayo hathubutu kuyasema kwa mtu. Sheria ya Kenya nayo ilishirikiana nao kwa muda mrefu: aliyejaribu kujiua akanusurika angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Uamuzi huo hauna la kufanya kuhusu mti na kaburi. Mchungaji akitaka kuendesha ibada kamili, mchana, na nyimbo zake, bado inabidi kwanza akae na wazee wa ukoo.